Mkalimani wa Dirisha la Nne

Tangu majeshi yetu ya Asante yalipowatupa Waingereza baharini, kisha yakawafuata hadi kwao, dunia nzima hupanga foleni Kumasi. Nasi tumejua upesi kumfungia mtu lango. Waliotutangulia kwenye kazi hiyo walikuwa mafundi.

Jumamosi ile nilikuwa mkalimani wa dirisha la nne uwanja wa ndege, chini ya Bwana Ntiamoah, afisa anayegonga muhuri kama anaua mende. Mbele yetu alisimama Edith, mama wa Kiingereza, kavaa sweta kwenye joto lile. Mwanawe Colin alikuwa kibarua wetu wa ujenzi. Alianguka kutoka ghorofa ya tisa. Alikuwa azikwe siku hiyo saa sita mchana, hapa hapa mjini.

Ntiamoah akampa maji, kama apewavyo mgeni yeyote, kisha akaniambia, "Muulize kimemleta nini."

Edith akanieleza yote. Nami, niliyelelewa na bibi mkali, nikaanza tunavyoanza Waasante sote, hata tukibeba msiba: "Kwema tu, hatukuja na baya." Habari yenyewe hufuata.

Muhuri ukalia.

"Hana dharura. Arudi kwao, aombe upya."

"Bosi, sijamaliza. Hiyo ni adabu tu. Mwanawe amekufa, anazikwa leo."

"Umesema kwema, nimeandika kwema."

"Mama yako akileta msiba huanzaje?"

"Mama yangu haji na ndege ya vibarua, Konadu."

Damu ikanipanda. Ulimi wangu mwenyewe ndio uliomfungia yule mama lango, na huyu anachekelea. Nikatoka kwenye kiti, nikaenda kukaa na Edith kwenye benchi la waliokataliwa.

Sefa, mkalimani wa dirisha la tano, akachungulia. "Dada, umefukuzwa au umechoka?"

"Nimechoka."

"Basi sogea. Mimi nimechoka tangu mwaka jana."

Akaja. Wa dirisha la sita naye akaja, na chapati yake mkononi. Ndege ya Manchester ikatua, watu mia mbili wakajaa ukumbini, na Ntiamoah anajua maneno mawili tu ya Kiingereza: simama na rudi. Akawaambia wasimame. Wakasimama. Akawaambia warudi. Mzee mmoja akaanza kumpigia kelele, wenzake wakamsaidia.

Saa tano na robo akamtupia Edith pasipoti.

"Apite. Na wewe kesho nisikuone."

"Kesho Jumapili, bosi. Hata leo nilikuwa nakuona kwa shida."

Sikungoja jibu. Nilimshika Edith mkono tukakimbia hadi nje. Barabara ilikuwa imejaa magari ya watu waliovaa nguo nyeusi za mazishi, kama kila Jumamosi, siku yetu ya kuzika. Nikamsukumia kwenye teksi ya kwanza.

"Mjomba, huyu amefiwa na mwanawe. Anazikwa saa sita."

Dereva hakuuliza nauli wala hakudai nianze na "kwema". Alipandisha tairi mbili juu ya ukingo, akapiga honi, akaondoka.