Tawi Jichoni mwa Bwana Bevan

Jumatatu saa tatu asubuhi, mjini Bala, kaskazini mwa Wales, Nerys Pugh, mpimaji macho, alimulika jicho la kushoto la Idwal Bevan, fundi mstaafu wa kuezeka mapaa, akaona kidonda chenye umbo la tawi. Ugonjwa aliujua. Dawa aliijua pia: marhamu, mara tano kwa siku. Hata mtihani wa kuruhusiwa kuandikia watu dawa alishaufaulu, ila namba yake ya usajili ilikuwa haijafika, na bila namba mpimaji macho haandiki hata tone moja.

Akapiga simu hospitali. Wakampa Alhamisi ya wiki ijayo.

"Huyu hawezi kungoja," alisema.

"Nani anaweza, dada?"

Jumatano tawi lilitokeza nje ya kope. Ijumaa lilikuwa na majani matatu, na dereva wa basi alimwomba Bwana Bevan aketi upande wa dirisha asije akawachoma abiria. Nerys alifungua barua pepe kila mgonjwa alipotoka. Ofisi ya usajili ilimjibu kwamba mtia saini yuko likizo.

"Lipunguze kidogo, mwanangu," Bwana Bevan alimsihi. "Linanikwaruza shavu."

"Siruhusiwi. Kukata ni upasuaji."

"Basi niandikie hiyo dawa."

"Nayo siruhusiwi. Mtihani nimefaulu, namba haijafika."

"Kwani unaruhusiwa nini?"

"Kukutazama."

Namba ilifika Jumanne iliyofuata, saa saba mchana. Nerys aliandika haraka haraka, mpaka mfamasia akapiga simu kuuliza kama ile ni tano au sita. Siku ya tatu tawi lilikauka, likadondokea kwenye supu ya Bwana Bevan. Akamletea Nerys, amelifunga kwenye gazeti.

Nerys alimziba jicho la kulia, akainua vidole vinne.

"Vingapi?"

"Viwili?"

Akashusha mkono.

"Siku ile ya kwanza," Bwana Bevan aliuliza, "ulijua ni nini?"

"Nilijua."

"Na dawa?"

"Niliijua."

Mzee akavaa kofia yake. "Hongera kwa mtihani, lakini," alisema, wala hakuwa akimkejeli.

Akitoka aligonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto. Kwenye viti vya nje waliketi wanawake wawili wa Dolgellau, mji jirani, ambako mpimaji wao bado anangoja namba. Wakayashika majani yaliyowaota machoni, wakayavuta kando, asije akayavunja akipita.