Doa Lisilofutika

Saa nne asubuhi mfagiaji wa kituo cha kutazamia nyota alikuwa jikoni kwake akimenya vitunguu, jiwe likapiga hodi. Lilikuwa asteroidi ya ukanda wa nje, kule karibu na sayari ya Mshtarii, jeusi tititi kwa kaboni kama tako la sufuria. Upana wake kilomita mia na ishirini. Mfagiaji akasogeza pipa la maji, jiwe likaenea.

"Ujifute kwanza," binti yake akaliambia. "Mama kadeki sasa hivi."

Likajifuta.

Mfagiaji alilijua. Miaka kumi na mmoja nyuma alikaripiwa kwa sababu yake: doa kwenye picha za anga, kila picha mahali pengine. Alisugua, wapi! Mwisho akaenda kwa mkurugenzi. "Bosi, mimi uchafu naujua. Uchafu hauhami wenyewe."

Mkurugenzi akapima, akaandika daftarini kuwa amegundua yeye. Jiwe akalipa jina la mama mkwe wake, aliyekuwa kamnunia tangu siku ya harusi. Wakapatana.

Sasa mfagiaji alikuwa anastaafu Ijumaa, na alichotaka ni mstari mmoja tu: aliyeliona kwanza ni nani.

"Twende," jiwe likasema. "Nitasema mwenyewe."

Mapokezi jiwe likapewa kitambulisho cha mgeni. Mkurugenzi alipoliona aliinuka haraka, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Aliyeniona kwanza ni huyu."

"Kweli kabisa, mama. Sikatai."

"Basi andika."

"Ah, mama, lile daftari limeandikwa kwa wino," akasema kwa upole, akaliagizia chai.

Ijumaa mfagiaji alipewa chupa ya chai na makofi. Jiwe likambebea mkoba hadi nyumbani, na halikuondoka tena. Linakaa kando ya pipa. Barua za kituo huja kwa jina la mama mkwe, nalo haliitiki. Mfagiaji akiita, "We Doa, sogea nideki," linasogea.

Kituoni wamemwajiri mfagiaji mpya. Wiki ya kwanza mkurugenzi alikagua picha za anga, akazikuta safi, doa hakuna. Akamwita ofisini, akamsifu mbele ya watu.

"Umeona?" akasema. "Yule mama alikuwa hasugui."