Kitufe cha Maliza

Hasira za Dada Nywila zilijulikana chuo kizima. Jina lenyewe alipewa kwa sababu kila aliyesahau nywila yake alikimbilia kwake, kwenye chumba cha chini cha Kitengo cha Masomo ya Mtandaoni, na kila aliyekwenda alirudi na nywila mpya pamoja na maneno mawili matatu ya kumchoma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka aliyeajiriwa kuwasaidia watu wa taratibu. Mhadhiri akihangaika kupakia somo lake, Dada Nywila alimwambia, "Sogea kidogo," akakamata kipanya mwenyewe, akabonyeza hapa na pale, kazi ikaisha. "Umeona?" Mhadhiri alijibu ameona, ingawa hakuwa ameona kitu.

Asubuhi ya kikao cha matokeo aliingia Mama Pacha, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni. Kazini kwake walimpa ruhusa ya masomo ya miaka mitatu, haina hata siku moja ya nyongeza. Macho yalikuwa mekundu.

"Mdogo wangu, wameniandikia sifuri. Eti sikuleta kazi ya muhula. Mimi! Kurasa ishirini na mbili, nimeziandika huku pacha mmoja ana homa na mwingine analia kumuona mwenzake analia!"

"Uliwasilisha?"

"Nilimaliza. Tena siku mbili kabla."

Dada Nywila alifungua mfumo. Kazi ilikuwepo, nzima, kuanzia jina hadi marejeo, imelala kwenye rasimu. Tarehe ilikuwa ileile aliyosema. Chini yake zilifuatana rasimu nyingine arobaini na tatu za darasa hilohilo la takwimu, zote zimepewa sifuri. Kikao kilikuwa saa sita. Kikishapitisha matokeo, sifuri ya kazi ya muhula ni kurudia mwaka, na mwaka huo Mama Pacha hakuwa nao.

Damu ilimchemka. Alipanda ngazi mbilimbili hadi ofisi ya mhadhiri wa takwimu, yule ambaye wanafunzi walimwita Bwana Saa kwa kuwa hakuwahi kumpokea aliyechelewa, awe na cheti cha daktari au cha mbinguni.

"Watu arobaini na wanne wana sifuri kwenye somo lako!" Dada Nywila hakusalimia. "Darasa moja! Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza. Nikajijibu: uvivu."

"Kazi zipo. Nimeziona kwa macho yangu."

"Zipo kwenye rasimu. Wenzangu huzihurumia wakazisahihisha, mimi nasahihisha zilizowasilishwa. Si ndivyo mlivyotufundisha ninyi wenyewe? Au mmebadilisha?" Bwana Saa alifunga kalamu yake polepole, jambo lililomuudhi Dada Nywila kuliko maneno. "Tena dada, badala ya kunifokea mimi, nenda kawaulize kwa nini hawabonyezi Wasilisha. Mimi sijui. Mtaalamu ni wewe."

Alishuka akiwa anatukana ngazi. Kilichomkera zaidi ni kwamba swali lilikuwa zuri, na yeye hakuwahi kumuuliza mtu.

"Kaa kwenye kiti changu," alimwambia Mama Pacha. "Nimekufungulia kazi ya majaribio. Andika chochote, halafu fanya kama ulivyofanya siku ile."

Mama Pacha aliandika mstari mmoja kwa kidole kimoja. Mikono ya Dada Nywila ilimwasha, ulimi nao ukawa tayari na "sogea kidogo". Aliibana mikono kwapani, akanyamaza. Mwalimu yule aliteremsha ukurasa taratibu mpaka chini kabisa, kwenye kitufe cha kijani, kipana, kilichoandikwa Maliza. Akakibonyeza. Kioo kikaandika: Umemaliza. Kwaheri.

"Haya," Mama Pacha alisema. "Si nimemaliza?"

Kitufe cha Wasilisha kilikuwa juu kule, pembeni, cha kijivu, chembamba. Cha chini kazi yake ilikuwa kukutoa nje ya ukurasa tu. Kingepaswa kuandikwa Toka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka miwili nyuma chuo kilitaka mfumo uwe wa Kiswahili, na aliyetafsiri maneno yote mia tisa alikuwa yeye, peke yake, mchana mmoja, kwa haraka zake zilezile. Alipofika kwenye Toka alisita. Utamwambiaje profesa mzima "Toka!" kama unafukuza kuku jikoni? Kwa adabu akaandika Maliza. Mkuu wake alimsifu kwa lugha laini. Na kwa miaka miwili, kila aliyelalamika kwamba kazi yake imepotea alimjibu jibu moja: "Soma maelekezo!"

Sasa alijikasirikia hadi masikio yakapata moto. Angekuwa mtu mwingine ndiye aliyeandika neno lile, angemfuata hadi kwake amtoe kitandani.

Saa sita kasorobo mkuu wa kitengo, aliyekwisha kuelezwa yote kwa simu, alimkuta kwenye mlango wa ukumbi wa kikao, akamvuta kando.

"Neno tutalibadilisha wiki ijayo, kimyakimya. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, unajua. Ukiingia humo ukasema kosa ni lako, umejimaliza."

"Na Mama Pacha?"

"Ataandika barua ya rufaa."

"Rufaa inachukua miezi minne, bosi! Muda huo kazini kwake watakuwa wameshamfuta!" Sauti ilifika ndani, vichwa vikageuka. Liwalo na liwe. Alisukuma mlango.

"Sifuri arobaini na nne za takwimu ni zangu mimi," aliwaambia wajumbe akiwa wima. Akaeleza yote: Toka, kuku, adabu, Maliza. Mmoja wao alicheka kwa sauti. Dada Nywila alimgeukia. "Unacheka nini? Kuna mtu humu aliyewahi kukaa na mwanafunzi akamwangalia anavyofanya? Mimi sijawahi. Hata mara moja! Na nalipwa kwa kazi hiyo!"

Mwenyekiti aliagiza rasimu zote zisahihishwe kabla ya matokeo kutoka. Mama Pacha amepona, Dada Nywila aliwaza.

Ndipo Bwana Saa, aliyekuwa miongoni mwa wajumbe, akavua miwani. Hakuonekana na hasira. "Neno hilo lina miaka miwili, dada," alisema. "Na wale wa mwaka jana?"

Dada Nywila alirudi chini chumbani kwake. Mama Pacha alimkumbatia, akalia begani kwake, akaenda kuwapigia pacha wake simu. Dada Nywila alifungua masomo ya mwaka jana, moja baada ya lingine. Walikuwa kumi na mmoja. Kazi zao bado zilikuwepo kwenye rasimu, zimekamilika, na mbele ya kila jina pameandikwa: ameshindwa kurudia mwaka, ameondolewa masomoni. Jina la nne alilikumbuka. Kijana yule alikuja mara tatu, na mara ya tatu alimfungia mlango.

Alianza na huyo. Simu iliita sana.

"Nakupigia kutoka chuoni," alisema.

"Chuoni?" Nyuma ya sauti mashine ilikuwa inanguruma. "Mimi na chuo tulishamalizana, dada."

"Usikate," Dada Nywila alisema. "Tafadhali usikate. Kazi yako ninayo hapa mbele yangu."