Safari Ambayo Aliga Hakusafiri

Aliga alikuwa fundi baiskeli pale Onduparaka, mji mdogo karibu na mpaka wa Kongo, lakini ukimwita fundi tu alinuna. Alitaka aitwe Komando. Jua liwake lisiwake, alikuja kazini na koti zito la jeshi, buti za kufika magotini na panga kiunoni la kukatia msitu, ingawa adui pekee aliyemkabili mchana kutwa ni miiba iliyotoboa matairi ya wakulima wa vijiji vya Ayivu. Wakulima hao walipewa hadithi kabla ya kiraka. Ile miezi mitatu aliyotoweka mtaani, Aliga alikuwa Kongo, analala juu ya miti na kupigana na chui mikono mitupu. Jumatatu chui alikuwa mmoja. Kufika Ijumaa wamekuwa watatu, na mmoja ana mimba. Watu walicheka, wakaamini nusu, wakapanda baiskeli zao wakaenda. Uongo wa namna hiyo haumdhuru mtu, nami nisingemsema lau angeishia kwenye chui.

Ukweli ni kwamba miezi ile alikuwa mjini Koboko kwa dada yake, anauguza jipu la kisigino na kuchambua maharage.

Jirani yake wa kibanda alikuwa Nadine, Mkongomani, fundi cherehani. Siku moja Nadine alimweleza habari za kaka yake, Ambroise, aliyepotea njiani walipokuwa wakikimbia vita kwao. Alikuwa mrefu, amekatika kidole cha mkono wa kushoto. Miaka sita hakuna aliyemwona, na mama yao, aliyekuwa akiishi Koboko, alikuwa amekubali hatimaye kwamba afanyiwe matanga. Nadine akaanza kulia juu ya cherehani.

Aliga hakuweza kumwona mtu analia akanyamaza. Tuseme kweli, hakuweza kunyamaza kwa sababu yoyote ile.

"Kidole imekatika?" akauliza. "Mrefu? Huyo mimi naona kule! Yeye navusha mimi mto. Iko hai, Nadine. Iko hai kabisa."

Matanga yakafutwa, maana nani anamlilia aliye hai? Na Aliga, Mungu amsamehe, akauongeza mto ule kwenye hadithi zake, ukawa unafurika zaidi kila wiki.

Mwaka ukapita. Msimu wa mvua, wateja walipokuwa haba, Nadine alipata kitabu kikuukuu cha Kifaransa, hakina jalada, kimeandikwa karne ya kumi na tisa. Akawa anawasomea majirani, sentensi kwa sentensi, akiitia katika Kiswahili. Kilimhusu bwana mmoja mnene aliyejaza bunduki ukutani na ramani mezani, aliyewasimulia watu wa mji wake majangwa aliyoyavuka, wakati safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kwa kinyozi. Mvua ilinyesha, watu wakacheka mpaka mbavu zikauma, na Aliga akawapita wote kwa kicheko.

Kisha bwana yule wa kitabuni akavaa buti zake ndefu kwenda sokoni kununua mayai. Kicheko cha Aliga kikakatika. Alipoinua macho, watu wote walikuwa wanaangalia miguu yake.

"Komando," akasema Scovia muuza chapati, "huyu si ndugu yako ya tumbo moja?"

Wakaangua kicheko upya. Aliga angeweza kulibeba hilo. Kuchekwa alikuwa amezoea. Ila Nadine alikifunga kitabu kwa hasira.

"Musimucheke! Huyu mutu wa kitabu alikuwa mwongo. Papa Aliga ye aliona ndugu yangu na macho yake. Mama anamuwekea Ambroise chakula kila siku, juu ya neno ya huyu mzee."

Hapo ndipo aibu ilipomshika Aliga. Alitamani Nadine naye angecheka. Kuaminiwa kulimuumiza kuliko kuchekwa.

Kesho yake asubuhi akamwambia Nadine, "Twende Koboko kwa mama." Nadine alidhani kuna habari njema, akafunga kibanda, akavaa kitenge chake kizuri. Njia nzima aliongea, na Aliga akawa anazitazama buti zake.

Mama Alphonsine, mzazi wa Nadine, alimpa Aliga kiti, akataka amchinjie kuku. Aliga akakataa kiti, akapiga magoti chini.

"Mama, mimi hapana fika Kongo. Ile miezi yote mimi iko hapa Koboko, kwa dada. Mguu nauma. Mtoto yako mimi hapana ona, hata siku moja. Kidole, Nadine ndiye nasema."

Nadine akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama hakumtukana. Angemtukana ingekuwa afadhali.

"Mwaka muzima," akasema polepole, "nimemunyima mutoto wangu machozi."

Kisha akapiga ukelele, na ukelele wa msiba hauhitaji mjumbe. Majirani wakaanza kuingia uani, kina mama wamejifunga vitenge kiunoni. Aliga akainuka, akijivuta kuelekea njiani. Nadine akamzuia, bila kumtazama.

"Unaenda wapi? Mwenye kuleta habari anakaa kwa mulango. Anaelezea watu."

Ndivyo desturi yao ilivyo: wanaokuja kulia hupokelewa na mleta habari, naye huwaeleza kila kundi yaliyotokea kabla hawajaingia ndani. Aliga akaketi kwenye benchi la mlangoni. Wakaja wazee wawili wakongwe na fimbo zao, wakamshika mkono kwa heshima, wakauliza Ambroise amekufa namna gani na nani alimwona mwisho. Akawaeleza kwamba hakuna aliyemwona, na kwamba yeye alidanganya. Wakaziangalia buti zake, wakautoa mkono wao mkononi mwake, wakaingia.

Nyuma yao lilikuwa limeshafika kundi la wanakwaya wa kanisa, watu ishirini na zaidi, wamesimama wanamsubiri aseme.

"Mimi iko fundi ya baiskeli," Aliga akaanza.