Mwenza wa Gurami

Kwa miaka thelathini na mmoja, kazi ya mkunga yule ilikuwa kusubiri kilio. Mtoto akitoka kimya, chumba kizima kilizuia pumzi. Akilia, hata kwa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia, mama alicheka, wauguzi walicheka, na mkunga alimwinua mtoto juu na kutangaza: wa kike, au wa kiume. Hakukosea hata mara moja, na hilo alipenda kulitaja bila kuulizwa.

Alipostaafu, kimya kikamfuata nyumbani. Mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu, alipigwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukagoma. Madaktari walisema anaelewa kila kitu, lakini miezi minne ilipita pasipo neno wala mguno. Alishinda kwenye kiti cha magurudumu sebuleni, mkono wa kushoto juu ya goti, macho yakimfuata mkewe kila alikokwenda. Kila asubuhi mkunga alimwogesha, akamnyoa, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, huku ametega sikio. Wapi.

Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila jioni.

"Mama, Baba amesema chochote?"

"Bado, mwanangu. Atasema tu."

Sauti pekee sebuleni ilikuwa ya pampu ya tangi la samaki, ikibubujika juu ya kabati. Tangi lilikuwa la lita sitini, mali ya Mwalimu, na mkunga hakuwahi kulipenda. Mumewe alipokuwa mzima aliweza kukaa mbele yake saa nzima, naye mkunga alikuwa akipita na fagio na kusema, "Naona uko kwa mke mwenzangu." Mwalimu alicheka, kisha akaanza kumweleza: huyu anataka maji yenye joto, yule hawezi kuishi bila wenzake kama sita hivi. Mkunga aliitikia "ehe, ehe," akiwa ameshafika jikoni.

Sasa kulisha samaki kukawa zamu yake, naye akawalisha kama alivyokuwa akiwalisha wazazi wodini, kwa mkono mkunjufu. Chakula kilioza chini, maji yakachafuka. Neoni, wale wadogo wenye mstari unaong'aa ubavuni, walikufa mmoja baada ya mwingine, na kambare wadogo wa chini wakawafuata. Alibaki samaki mmoja, gurami, bapa kama jani, mwenye michirizi ya bluu na nyekundu. Alijibanza nyuma ya jiwe mchana kutwa.

"Maskini, amebaki mjane," mkunga alimwambia mumewe. "Nitamtafutia mwenzake. Nyumba ikichangamka, na wewe utachangamka."

Alishavaa viatu. Hakungoja kuona macho ya Mwalimu yanasema nini.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa uchochoroni, kati ya fundi viatu na muuza vipuri vya pikipiki. Mwenye duka alikuwa mtu mnene aliyefunga mguu wa miwani yake kwa uzi, na matangi yalimzunguka hadi karibu na dari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka samaki wa kukaa na wangu."

"Wako ni nani?"

"Gurami." Hilo jina lilikuwa limemnasa masikioni bila yeye kujua.

"Na tangi?"

"Lita sitini."

"Hicho ni chumba na sebule, mama, si kasri. Wapangaji lazima wapatane. Mimi ningechukua neoni wanane, wapole hao, hawana maneno. Au kambare hawa wadogo, wao hushinda chini wakitafuta makombo. Hawagombani na mtu."

"Hao walishakuwepo. Mimi nataka wa aina yake."

Mwenye duka alijikuna kidevu. "Hapo ndipo penye kazi. Dume na jike, sawa, wakipata majani ya kujifichia. Dume na dume kwenye maji kiduchu hivyo, watauana. Huyo wako ni dume au jike?"

Mkunga hakujua. Lakini yeye, mkunga mzima, kuulizwa swali hilo na kujibu "sijui" aliona ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akakumbuka zile rangi, ile michirizi kama gauni la harusini. Nani mwingine hujipamba hivyo?

"Jike," alisema.

"Una hakika?"

"Mwanangu, mimi nimezalisha watoto wengi kuliko samaki ulionao humu ndani."

Mwenye duka alicheka, akachukua wavu, akamvulia dume mmoja mwekundu kama kaa la moto. Mkunga hakujiuliza kwa nini dume naye amejipamba.

Nyumbani alifuata maelekezo. Aliuweka mfuko wa nailoni uelee juu ya maji, samaki akiwa ndani, ili joto lilingane kwanza. Mwalimu aliukazia macho mfuko ule. Mara mkono wake wa kushoto ukainuka kutoka gotini ukapiga egemeo la kiti, pa, pa, pa. Kooni mwake kukatoka sauti nzito ya kukwaruza, kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa.

Taulo lilimdondoka mkunga. Sauti hiyo aliijua. Maisha yake yote habari njema zilimjia hivyo, kwa kilio, baada ya kimya kirefu. Alimpigia binti yao, akaiweka simu mdomoni mwa mumewe.

"Msikilize baba yako. Msikilize."

Sauti ikatoka tena, kubwa kuliko ya kwanza. Upande wa pili binti aliangua kilio. Machozi yalimtiririka Mwalimu pia, na mkunga akayafuta kwa kiganja.

"Lia, mume wangu. Lia tu, usione haya."

Kisha akaufungua mfuko. Samaki mwekundu aliteleza majini. Na ili Mwalimu aone vizuri, mkunga alisukuma kiti hadi mbele ya kioo, akayafunga magurudumu yasirudi nyuma, akachukua kikapu. Siku kama hiyo haikuwa ya uji. Alikwenda sokoni kununua kuku, na kila aliyekutana naye njiani alimpa habari: Mwalimu ametoa sauti.

Alirudi baada ya saa moja na nusu. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mashavu yalikuwa yamelowa, na vifundo vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevimba kwa kupiga kiti. Ndani ya tangi magamba yalielea. Gurami wa zamani alilala ubavu chini karibu na jiwe, mapezi yamechanikachanika kama kitambaa kilichotafunwa na panya, na yule mwekundu, naye akiwa na majeraha, alikuwa akimshukia tena na tena.

Mkunga aliingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Alimtoa wa zamani, akamweka kwenye bakuli la maji safi. Hakufika hata nusu saa, akafa.

"Ulikuwa unanikataza," mkunga alisema.

Mwalimu hakufumbua macho.

Jioni binti alipiga simu akiomba azungumze na baba yake. Mkunga aliiweka simu sikioni mwa mumewe, akangoja. Kimya. "Amelala," alimwambia binti. Ilikuwa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Hata kijiko cha uji Mwalimu alikipa shavu.

Siku ya nne mkunga alimtia samaki mwekundu kwenye chupa pana, akamrudisha dukani. Alieleza yote, hakuficha hata lile la kufunga magurudumu. Mwenye duka alikalia ndoo.

"Mama, kwa gurami, mwenye rangi ndiye dume. Jike ni kijivu tu, humtazami mara mbili."

"Ungeniambia."

"Ulisema umezalisha watoto wengi." Aliona uso wake, akapunguza sauti. "Samahani. Mzee mwenyewe ni nani, huenda namjua?"

"Mwalimu wa hesabu. Mrefu, ana mwanya."

Mwenye duka alivua miwani. "Mwalimu? Laiti ungetaja jina hilo siku ile. Alikuja hapa karibu mwaka mzima akimtafutia yule gurami mwenza. Anauliza, anapima, anaahirisha. Mwisho akasema, huyu ana kisirani, aachwe na wale wapole. Akasema wako hata watu wa hivyo, na hawaumwi." Akaishika chupa, akamtazama samaki, kisha akairudisha mikononi mwa mkunga. "Yeye mwenyewe anasemaje kuhusu huyu?"

"Hasemi. Nimekwambia."

"Nimesikia hasemi. Umemwuliza?"

Miezi minne mkunga alikuwa akimsoma mumewe mapigo, pumzi, rangi ya kucha. Mwanamke mwenye uchungu humwulizi anataka nini. Unamtazama, unajua, unamwambia sukuma. Hivyo ndivyo alivyomuuguza Mwalimu. Hakukumbuka hata swali moja alilomwuliza na kulingojea jibu hadi likafika.

Alirudi nyumbani chupa ikiwa kifuani. Alivuta kigoda, akakaa uso kwa uso na mumewe.

"Mwalimu, nina maswali. Ukikubali, fumba macho. Ukikataa, niangalie tu. Nimrudishe huyu dukani?"

Macho yalibaki wazi. Mkunga alingoja. Ulimi ulimwasha, akauma midomo. Yalibaki wazi.

"Basi akae hapa?"

Mwalimu alifumba macho.

"Nimletee wenzake?"

Akamwangalia, kwa ukali kabisa.

"Peke yake, basi."

Mwalimu alifumba macho, akakaa hivyo kitambo.

Mkunga alimmimina samaki tangini taratibu, akarudi kwenye kigoda. Lilibaki swali moja, na hilo alilibeba tangu uchochoroni kama mzigo wa kuni.

"Siku ile nilikufungia kiti, ukatazama kila kitu. Una hasira na mimi?"

Jibu alilolitaka alilijua. Lilikuwa tayari mdomoni, alikaribia kumsemea: najua huna, mume wangu, wewe una moyo mzuri. Alilimeza. Pampu ilibubujika. Mwalimu alimtazama muda mrefu, bila kupepesa, hadi mkunga akaanza kutumaini. Kisha Mwalimu akafumba macho.

"Una haki," mkunga alisema.

Alilia, akajifuta, na hakuinuka. Alikisogeza kigoda karibu zaidi, akaanza kutafuta swali lingine.