Kipanga wa Lettie

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Nina miaka sabini na saba. Nikipoa sasa nitapoa moja kwa moja.

Nyumba yetu ni ya pili kutoka mwisho wa mtaa, hapa Ravensmead. Nyuma yake kuna nafasi ya mpera mmoja, kamba ya nguo, na maneno ya jirani. Naishi na mdogo wangu, Lettie. Tangu apigwe na kiharusi mwaka juzi hasemi, na upande wake wa kulia umelala. Nilimsogezea kitanda dirishani, nikachukua sinia langu la kuokea, nikalining'iniza mperani kwa waya, nikawa namwaga mtama na alizeti kila asubuhi. Wakaja shomoro, wakaja minana, wakaja tetere wanene kama wake za wachungaji. Lettie akaanza kula tena. Kabla ya hapo kila kijiko cha uji kilikuwa vita.

Halafu akaja kipanga.

Mweusi mgongoni, kifua cheupe kama shati la kwaya. Anatoka kwenye mikaratusi ya kule relini na wala hapigi kelele. Unachosikia ni ndege wote kunyamaza, kisha manyoya yanaelea. Siku ya kwanza nilishika ufagio nimfukuze. Nikasikia nyuma yangu: kang, kang, kang. Lettie alikuwa anapiga chuma cha kitanda kwa kijiko, kwa mkono wake wa kushoto, na nusu ya mdomo inacheka. Mtu ambaye hakuwa amecheka miezi kumi na minne. Nikarudisha ufagio jikoni. Tetere wanisamehe.

Sasa, jirani yetu Hennie Jaftha anafuga njiwa wa mashindano. Ijumaa wanapakiwa kwenye makapu, lori linawapeleka hadi Colesberg, mbali kuliko nilivyowahi kufika mimi. Jumamosi wanaachiliwa, na mwenye njiwa anayewahi kuingia bandani ndiye mshindi. Kuingia, si kufika. Njiwa akikaa juu ya paa kutazama mji hahesabiwi. Ndiyo maana mtaa wetu hauaniki nguo Jumamosi: shuka ikipepea, njiwa anaogopa, hatui. Nimefua Jumatatu miaka ishirini na sita kwa ajili ya njiwa wa mtu, na hajaniletea hata yai.

Jumatano Hennie akasimama langoni, kofia kichwani.

"Anti Tienie, hilo sinia lako linaita kipanga. Nimeshapoteza njiwa watatu."

"Mwandikie kipanga barua, Hennie. Mimi nalisha shomoro."

"Sifanyi mzaha, Anti. Yule jike wangu wa bluu hajarudi."

"Labda kapata mume Colesberg."

Hakucheka. Akaondoka akiliacha wazi lango langu, makusudi.

Sasa niseme ukweli, maana Hennie hasomi haya. Kwenye kopo langu la vifungo kuna pete ndogo ya mguu wa njiwa, yenye namba, niliyoiokota chini ya mpera. Alikuwa na haki. Angekuja kofia mkononi, angeniomba, ningelisogeza sinia upande wa pili. Au nisingelisogeza. Lakini angeomba.

Alhamisi nilikwenda kliniki kuchukua dawa za Lettie, na foleni ya kliniki mnaijua. Niliporudi, sinia lilikuwa chini, limekunjwa katikati kama bahasha. Waya umekatwa kwa koleo. Mtama umemwagiwa dizeli. Na Lettie alikuwa ameona yote akiwa kitandani, hatua sita tu, bila sauti ya kumfukuzia mtu. Kioo cha dirisha kilikuwa na ufa, kijiko kiko sakafuni. Alikirusha.

"Hennie?" nikamuuliza.

Akafumba macho. Chozi likatoka upande ule mzima peke yake. Jioni hiyo hakula. Ijumaa hakula.

Sikwenda kugomba. Hennie huyo, mama yake alipokuwa kiwanda cha samaki, mimi ndiye niliyempangusa makamasi. Nilichota maji tu.

Jumamosi saa tisa kamba yangu ilikuwa imejaa: shuka, aproni, mapazia, na katikati blanketi jekundu la harusi yangu. Upepo wa kusini ukafanya kazi yake. Upande wa pili wa ukuta Hennie alikuwa ameketi na saa yake, yeye na wenzake wawili wa klabu.

"Anti," kichwa chake kikatokea juu ya ukuta. "Leo Jumamosi."

"Najua. Kesho kanisani."

"Nguo, Anti."

"Zimelowa."

Saa kumi wakaja njiwa watano. Wakashuka, wakaliona blanketi, wakapanda. Wakazunguka. Wakashuka tena, wakapanda tena.

"Anti, nakuomba. Wakizunguka hivyo kipanga atawaona."

"Kipanga gani? Si ulisema anaitwa na sinia? Sinia halipo."

Mmoja wa wenzake akakohoa kuficha kicheko.

"Lete sinia," nikamwambia. "Ulifunge kwa mkono wako, Lettie akikutazama. Umwombe radhi yeye, si mimi. Ndipo nitaanua."

Alikimbia. Akarudi na sinia la mkewe, bado lina mafuta ya kuku, akapanda juu ya kiti changu cha jikoni. Fundo la kwanza likashika. Kwenye la pili nikasikia kile kimya cha ndege.

Kipanga alipita chini chini juu ya mapaa, kisha akapanda wima. Njiwa wa mbele akageuka manyoya matupu. Na ndani ya nyumba: kang, kang, kang.

Hennie akageukia dirisha. Hakujua kwamba Lettie hupiga kijiko kipanga akija. Nusu ya mdomo wa Lettie ilikuwa inacheka, na macho yake hayakuwa kwa ndege, yalikuwa kwa Hennie.

"Nisamehe, Anti Lettie," akakiambia kile kioo chenye ufa. Akamaliza fundo.

Nikaanua. Polepole, maana shuka hukunjwa pembe kwa pembe, hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Wale wanne wakaingia bandani. Hakushinda. Ningesema nilimwonea huruma, lakini nimeshasema naandika ukweli.

Siku hizi Hennie hanisalimii, na mkewe ananisalimia mara mbili. Sinia lake hajaliulizia. Lettie anakula. Jumamosi sianiki tena. Alifunga sinia, nami neno langu ni neno. Lile blanketi jekundu nimelikunja nikaliweka kwenye dirisha la jikoni, pale ambapo Hennie akitoka bandani lazima alione.