Droo ya Kulia

Sauti ilifika kwanza, kavu, ya kukwaruza, ikipanda barabara ya soko la Meru huku gari la tangazo lenyewe bado halijaonekana. "Kila Mwembu, kila Mmeru, kila Mkikuyu! Pasi zigongwe muhuri leo kabla ya saa sita! Asiye na muhuri atapakiwa lori!"

Wanjira aliweka sufuria chini, akapangusa mikono, akaivuta droo ya kulia ya kabati la jikoni. Haikusogea. Akavuta kwa mikono miwili. Kabati lote, lililopigiliwa misumari ukutani, likaguna. Droo ikabaki palepale.

"Mama, pasi yangu imo humu."

Barwaqo, mwajiri wake, mke wa Warsame mwenye malori, alitoka uani mbio. "Humu? Pasi ya mtu hukaa mfukoni!"

"Mfukoni italowa nikiosha vyombo. Nikaona niiweke pakavu."

"Basi ngoja nilete shoka."

"Shoka litaikata, Mama. Pasi iliyochanika, askari atasema nimeighushi."

Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Wanjira aliyajua malori ya askari ya siku hizo za Hali ya Hatari. Kaka yake, Njura, alipandishwa moja kule Kianjokoma mwaka uliopita, na mpaka leo nyumbani hawajaambiwa yuko wapi.

Mwingine angelia. Wanjira alipiga magoti, maana kichwa chake tangu utotoni hakikukubali jambo lipite bila kuulizwa. Aliigusa droo ya kushoto. Ikateleza nje kwa kidole kimoja. Fundi mmoja, mti mmoja wa muuru, kabati moja. Kwa nini hii inatii na ile imegoma?

Akaitoa kabisa, akainusa. Ubani. Akaingiza mkono kwenye nafasi yake, akapapasa ubao wa kati: mkavu, laini. Kisha akafungua mlango wa chini upande wa kulia na kupapasa tumbo la droo iliyogoma. Palikuwa na baridi. Kidole kikarudi na uji wa kijivu.

"Mama, upande wa kushoto nani huuosha?"

"Nani auoshe? Si ndipo ninapoweka chetezo, bado cha moto, kila jioni nikishafukiza vyombo vya maziwa? Wewe upande huo unauogopa kama nyumba ya chui."

Kweli, aliuogopa. Lakini ule wa kulia aliusugua kila asubuhi kwa maji ya moto na majivu, ndani na nje, vile mama yake alivyomfundisha kusugua vibuyu. Kibuyu hushukuru. Mbao hizi zilikuwa zimekunywa maji miezi mitatu, tangu aanze kazi hapa, zikavimba, zikajibana.

"Kumbe mkosaji ni mimi," alisema. Aibu ilimchoma, lakini raha ya kujua ikaipita mbio. "Mama, naomba chetezo. Na makaa kidogo, yasiyo na mwali."

Barwaqo alimtazama, kisha akayachota makaa mwenyewe. Kwa mazoea akatupia na ubani. "Wallahi, miaka yote nafukiza maziwa. Leo nafukiza karatasi za serikali!"

Chetezo kikawekwa chini ya droo. Wanjira akakaa kando, kiganja juu ya mbao zisije zikaungua, akikisogeza chetezo huku na huku. Kila baada ya muda aligonga kwa kifundo cha kidole, jinsi watu wa kwao wanavyopima kibuyu. Mwanzo mlio ulikuwa mzito, wa kibuyu kilichojaa. Gari la tangazo lilipita mara ya pili. Akagonga: bado. Barwaqo alikuwa mlangoni, hatanii tena. Gari likapita mara ya tatu. Akagonga, na mlio ukaja mwepesi, mtupu, mzuri.

Saa tano na nusu alivuta. Droo ikalia kidogo, ikaja. Pasi ilikuwa ndani, nzima, inanuka ubani.

"Kimbia!" Barwaqo alisema. Kisha akamshika mkono, asimwachie. "Wakikuzuia huko? Nikiuliza uko wapi, nani atanijibu?"

Wanjira alifunga kitambaa kichwani, akamtazama usoni.

"Nitarudi, Mama. Nitarudi leo, na kabati hili nitalifuta kwa kitambaa kikavu, na njia za droo nitazipaka nta ya mshumaa. Maji ya majivu hayataligusa tena. Nakuahidi."